Utafiti wa Elimu ya Sayansi: Swali ni la Nani?

UTANGULIZI

Katika vyuo vyetu, na katika mikutano ya kila ngazi, neno "sayansi" hutajwa karibu kila siku. Husemwa kwamba bila sayansi hakuna kilimo bora, hakuna viwanda, wala hakuna kujitegemea kwa kweli. Maneno hayo ni sahihi. Lakini ni mara chache tunapokaa tukajiuliza swali la pili, ambalo likikosa jibu maneno hayo hubaki kuwa wimbo tu: sayansi hiyo inafundishwaje, na ni nani aliyechunguza kama kweli inaeleweka?

Kazi ya kuchunguza jambo hilo ndiyo inayoitwa utafiti wa elimu ya sayansi. Wengi wetu hudhani kuwa ni kazi ya maprofesa peke yao, na kwamba kada au mwalimu wa kawaida hana la kusema ndani yake. Makala haya yanakusudia kuonyesha kuwa dhana hiyo si sahihi. Utafiti wowote huanza na swali, na swali lina mwenyewe. Anayeuliza ndiye anayeamua kitakachotafutwa, mahali pa kutafuta, na kitakachohesabiwa kuwa jibu. Kwa hiyo tukitaka kuufahamu utafiti huu ulikotoka, ulipo na unakokwenda, hapana budi tuulize katika kila kipindi: nani aliuliza, aliuliza nini, na jibu lilimfaa nani?

KIPINDI CHA UKOLONI: "JE, MWAFRIKA ANAWEZA KUFIKIRI?"

Si kweli kwamba wakoloni hawakuleta sayansi kabisa. Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti wa mimea na kilimo huko Amani, katika milima ya Usambara. Palikusanywa mimea kutoka pembe nyingi za dunia, ikajaribiwa udongo na hali ya hewa ya Tanganyika. Kazi iliyofanyika pale ilikuwa sayansi ya kweli. Lakini swali lililoongoza kazi hiyo lilikuwa moja: ni zao gani litakaloleta faida kwa mashamba ya walowezi na viwanda vya Ulaya? Mwenyeji wa Usambara aliingia katika mashamba yale kama kibarua. Hakuna aliyefikiri kumwuliza anajua nini juu ya milima aliyozaliwa, wala kumfundisha kilichokuwa kinatafutwa.

Baada ya Waingereza kushika nchi, elimu ya Mwafrika yenyewe ilianza kuchunguzwa. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki ikipendekeza elimu inayolingana na mazingira ya kijiji: kilimo, usafi wa mwili na kazi za mikono. Tusilikatae pendekezo hilo lote kwa hasira, kwa sababu hata sisi tunataka elimu inayogusa maisha ya wananchi. Ubaya wake ulikuwa katika shabaha. Mazingira yaliyotajwa yalikuwa yale ambayo mtawala alitaka mtawaliwa abaki ndani yake. Mtoto afundishwe usafi wa kisima, lakini asiulize kwa nini mji wa Wazungu una maji ya bomba.

Mambo yalikuwa mabaya zaidi Nairobi katika miaka ya 1930. Huko walikuwako madaktari waliopima ubongo wa Waafrika. Mwaka 1934 ilichapishwa taarifa ya F. W. Vint juu ya ubongo wa wenyeji wa Kenya, na wale waliotaka kuthibitisha kuwa Mwafrika hafai kupewa elimu ya juu wakaishika kama ushahidi. Hapa twaona wazi jinsi swali lenyewe linavyoweza kuwa silaha. Mtu anayeuliza "Je, huyu anaweza kufikiri?" amekwisha kujiweka mwenyewe katika kiti cha hakimu. Mwafrika katika utafiti huo alikuwa kitu cha kupimwa, si mtu wa kujifunza, sembuse mtu wa kuuliza.

BAADA YA UHURU: "TUWAFUNDISHE NINI?"

Tarehe 4 Oktoba 1957 Urusi ya Kisovieti ilirusha Sputnik, chombo cha kwanza kilichotengenezwa na binadamu kuzunguka dunia angani. Marekani ilishtuka. Mwaka 1958 ilipitisha sheria ya kumwaga fedha katika elimu ya sayansi, hisabati na lugha kwa ajili ya ulinzi wake, na mitaala mipya ya fizikia na biolojia ikasukumwa mbele kwa kasi. Uingereza nayo ilianza mpango wa Nuffield mwaka 1962. Kwa mara ya kwanza wanasayansi wakubwa walikaa pamoja na walimu wakauliza: mtoto afanye nini darasani ili aelewe sayansi badala ya kuikariri?

Wimbi hilo lilifika kwetu upesi. Mwaka 1961 wataalamu wa Afrika na Marekani walikutana Endicott House, Massachusetts. Kutokana na mkutano huo ulizaliwa mpango wa hisabati ulioanza Entebbe, Uganda, mwaka 1962, na mpango wa sayansi ya shule za msingi za Afrika ulioanza mwaka 1965. Mpango huu wa pili ulikuwa na wazo zuri. Vifaa vyake vilikuwa mchanga, chupa, betri na wadudu. Mtoto aliambiwa amtazame yule mdudu mdogo anayechimba shimo la mchanga ili kunasa sisimizi, amfanyie majaribio, na jibu alitafute kwa mdudu mwenyewe, si kwa mwalimu. Mtafiti Eleanor Duckworth, aliyewahi kujifunza kwa Jean Piaget huko Geneva, alikwenda Kenya kuutathmini mpango huo. Hakuwapa watoto mtihani wa maneno. Aliwawekea vitu mbele yao akatazama watafanya nini navyo. Aliona kuwa watoto waliopitia mpango walipata mambo mengi zaidi ya kufanya, na walikwenda ndani zaidi, kuliko wenzao.

Kwa nini basi mbegu nzuri namna hiyo haikuenea? Fedha zilitoka nje, na fedha za nje zina majira yake. Lakini sababu kubwa zaidi ilikuwa mgongano uliokuwamo ndani ya shule zenyewe. Njia ya kufundisha ilibadilishwa, mtihani haukubadilishwa. Mtoto aliyezoezwa kuuliza alifika mwisho wa masomo akakuta karatasi inayomtaka ataje. Mwalimu aliyeupenda mpango alijikuta anachagua kati ya udadisi wa mtoto na nafasi yake ya kuendelea na masomo. Akachagua nafasi, na hatuwezi kumlaumu.

Hapa nyumbani Elimu ya Kujitegemea, iliyotolewa na Mwalimu Nyerere mwezi Machi 1967, ilikuwa imelitaja tatizo hilo kwa kina. Mwalimu alisikitika kwamba vijana wetu wanafundishwa kuamini kuwa elimu yote yenye maana imo vitabuni au kwa wasomi, na kwamba ujuzi wa wazee wao si kitu. Hilo lilikuwa swali la utafiti, ingawa wengi tulilisoma kama amri ya kulima shamba la shule. Tulishika jembe tukaliacha swali.

Hata hivyo kuna mahali ambapo swali hilo lilijibiwa kwa vitendo, nako ni nje ya shule. Mwaka 1973 ilifanyika kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wazima wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi vya kusikiliza redio, wakasoma vijitabu vya Kiswahili juu ya malaria, kichocho, kuhara na magonjwa mengine, wakajadiliana, kisha wakainuka kuchimba vyoo na kufyeka vichaka. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliyafuatilia matokeo kwa utafiti. Katika mazingira hayohayo ya Tanzania ya miaka ya 1970 ndipo ilipokomazwa njia ya utafiti shirikishi, ambamo mwanakijiji ni mtafiti mwenza. Mradi wa Jipemoyo, ulioanza mwaka 1975 katika eneo la Bagamoyo, ni mfano wake. Dunia nzima imejifunza kutokana na kazi hiyo. Twapaswa kujiuliza kama shule zetu za sayansi zimejifunza.

KIJANA MMOJA NA MAZIWA YA MOTO

Katika milima ileile ya Usambara ilimo Amani, mwaka 1963, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba aitwaye Erasto Mpemba alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Walikuwa wanagombea nafasi katika jokofu, naye akaona asisubiri. Akayatia maziwa yake yakiwa bado ya moto. Alipofungua alikuta yake yameganda kabla ya ya mwenzake aliyetia yasiyochemshwa. Akamwuliza mwalimu sababu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, katika masomo ya juu, aliuliza tena, akachekwa darasani kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya dunia.

Mpemba hakuacha. Mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, alipotembelea shule yao, alimwuliza yeye pia, na wanafunzi wenzake wakaona aibu. Osborne hakucheka. Alikwenda akajaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja katika jarida la kimataifa la walimu wa fizikia. Leo jambo hilo hujulikana duniani kwa jina la Mpemba.

Wasomaji wengine watafurahi na kuishia hapo, kwa kuwa ni sifa ya taifa. Sisi twataka waone jambo jingine. Walimu waliomcheka hawakuwa watu wabaya. Walifunzwa kuwa sayansi ni mali iliyokamilika, imeletwa ndani ya kitabu, na kazi yao ni kuilinda isiharibiwe na wanafunzi. Kasumba hiyo ndiyo mtoto wa lile swali la Nairobi. Na tofauti kati ya mwalimu anayecheka na yule anayekwenda kujaribu ndiyo mambo ambayo utafiti wa elimu ya sayansi unayachunguza.

SWALI LAGEUKA: "MTOTO ANAJUA NINI TAYARI?"

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960 utafiti ulianza kuelekea upande mwingine. Mwaka 1968 David Ausubel wa Marekani alisisitiza kwamba jambo kubwa kuliko yote katika kujifunza ni kile ambacho mwanafunzi anakijua tayari. Mwaka 1983 Rosalind Driver wa Uingereza alitoa kitabu kilichomtazama mwanafunzi kama mwanasayansi. Watafiti wa nchi nyingi walikuta jambo lilelile: mtoto haji darasani na kichwa kitupu. Anakuja na maelezo yake juu ya joto, mwanga, kani na viumbe, ameyapata katika maisha, nayo ni imara. Akifundishwa juu juu huyaweka maelezo ya mwalimu kando kwa ajili ya mtihani, kisha hurudi kwenye yake.

Wala hili si tatizo la watoto wa Afrika. Filamu moja ya mwaka 1987 ilionyesha wahitimu na wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Harvard wakiulizwa kwa nini kuna majira ya joto na baridi. Kati ya 23 waliohojiwa, 21 walikosea. Wengi wao walidhani kuwa dunia husogea karibu na jua, ilhali sababu ni kuinama kwa mhimili wake. Hivyo lile swali la miaka ya 1930 lilipata jibu lake: binadamu wote hufikiri, na wote hukosea kwa namna zinazofanana.

Katika darasa letu la makada tuliwahi kuuliza swali dogo: mti mkubwa umepata wapi uzito wake? Karibu wote walijibu kwamba umeupata katika udongo. Ndipo mwanachuo mmoja, mama mkulima, akasema: "Ndugu Mkufunzi, nina mlimau ndani ya debe, una miaka minne na unazaa. Kama mti unakula udongo, mbona debe bado limejaa?" Darasa lilinyamaza. Huyu mama alikuwa amefanya, bila kukusudia, jaribio la Jan Baptist van Helmont, lililochapishwa mwaka 1648. Van Helmont alipanda mti chunguni kwa miaka mitano, akakuta mti umeongezeka uzito wa ratili 164 na udongo umepungua kwa kiasi kidogo sana. Yeye alidhani kuwa ni maji peke yake. Leo tunajua kuwa sehemu kubwa ya mwili mkavu wa mti hutokana na hewa ya kaboni dioksaidi, kwa kazi ya usanidinuru. Tulijadili hadi saa ya chakula ikapita. Na tukiri kwamba mkufunzi mwenyewe alikuwa amelitunga swali akiwa na jibu la kitabuni. Mfano wa debe hakuwa nao.

HALI YA SASA: JIBU LIPO, UAMUZI HAUPO

Majadiliano yale yaliwezekana kwa sababu yalifanyika katika Kiswahili. Hapa ndipo tunapogusa mgongano mkubwa wa wakati wetu. Tangu mwaka 1967 shule zetu za msingi za umma zinafundisha kwa Kiswahili. Mtoto akiingia sekondari, sayansi yote hugeuka kuwa ya Kiingereza. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza sekondari nazo zianze kutumia Kiswahili. Mwaka 1984 watafiti Criper na Dodd waliripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi wa sekondari hakitoshi kuwa chombo cha kujifunzia. Utafiti wa Halima Mwinsheikhe juu ya masomo ya sayansi, na kazi za mradi wa LOITASA ulioanza mwaka 2002 kati ya Tanzania, Afrika Kusini na Norway, umeonyesha tena na tena kuwa wanafunzi walewale wanaokaa kimya katika somo la Kiingereza huuliza, hubisha na hueleza wanapofundishwa kwa Kiswahili. Istilahi nazo si kisingizio: Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa mwaka 1990. Pamoja na hayo yote, sekondari bado zinafundisha sayansi kwa Kiingereza.

Kada asilijibu jambo hili kwa kaulimbiu. Mzazi anayetaka Kiingereza kwa mwanawe si mjinga wala si kibaraka. Ameona kwamba milango mingi ya kazi ina ufunguo huo. Lakini matakwa yake ni mawili: mwanawe ajue Kiingereza, na mwanawe aelewe sayansi. Tumeyafunga mawili hayo katika fungu moja, na mara nyingi mtoto hukosa yote mawili. Utafiti unatuambia kuwa yanaweza kufunguliwa: lugha ifundishwe vizuri kama lugha, na sayansi ifundishwe kwa lugha inayoeleweka.

Pili, utafiti wa leo umetawaliwa na upimaji. Upimaji wa kimataifa wa TIMSS ulianza mwaka 1995, na ule wa PISA mwaka 2000. Takwimu zina faida yake. Lakini orodha ya nchi kwa alama huonyesha nani yuko chini, haionyeshi mtoto wa Kondoa amekwama wapi katika dhana ya joto.

Tatu, tumezoea kuhesabu majengo. Kampeni ya kujenga maabara katika shule za kata, iliyofikia kilele mwaka 2014, iliamsha wananchi nchi nzima, wakatoa nguvu na fedha zao. Ilikuwa kazi ya heshima. Lakini jengo si jaribio. Nchini Kenya mradi wa SMASSE, ulioanza mwaka 1998 kwa ushirikiano na Japani, uliweka mkazo kwa mwalimu aliyeko kazini: apange somo la vitendo pamoja na wenzake, alifundishe, alitazame, alirekebishe. Fundisho lake ni kwamba maabara ya kwanza ni mwalimu mwenyewe.

WAKATI UJAO: KAZI ZILIZO MBELE YETU

Kwanza, mwalimu awe mtafiti. Kila wiki aandike jibu moja la makosa lililomshangaza, na kwa nini mwanafunzi alilifikia. Walimu wa kata moja wakikutana na daftari zao kila mwezi, watakuwa na hazina ambayo hakuna mradi wa nje unaoweza kuileta.

Pili, mtihani wenyewe uchunguzwe. Mtihani unaodai kukariri utaua kila njia mpya, kama ulivyofanya katika miaka ya 1960 na 1970. Maneno "mtaala wa umahiri" hayatabadili hali hiyo ikiwa karatasi ya mwisho haitambui umahiri.

Tatu, maswali yatoke katika uzalishaji na maisha ya umma. Mwaka 2016 watu walipoteza maisha katika mikoa ya kati ya nchi yetu kwa kula mahindi yenye sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho, na haiondoki kwa kupika kwa kawaida. Kumfanya mkulima aamini hatari asiyoiona, akaanike na kuhifadhi mahindi kwa njia nyingine, ni tatizo la elimu ya sayansi kuliko fizikia yote ya kwenye karatasi. Watafiti wetu waanzie hapo, wakikumbuka somo la Mtu ni Afya.

Nne, tujiandae kwa akili mnemba. Programu hizo zinajibu swali lolote kwa nukta chache, na sehemu kubwa ya zilichosomeshwa ni maandishi ya lugha za kigeni. Hatari si kwamba kijana atapata jibu. Hatari ni kwamba atalipata kabla hajawa na swali, na kasumba ya kitabu itarudi kwa mlango mwingine.

HITIMISHO

Tumeona kuwa utafiti huu ulianza kwa kumwuliza Mwafrika kama anaweza kufikiri, ukaendelea kwa kumchagulia cha kufikiri, na hatimaye ukaanza kumsikiliza anafikiri nini. Hatua ya nne, ambayo bado hatujaifikia, ni yeye mwenyewe kuuliza na kutafuta jibu kwa lugha yake.

Swali la Mpemba bado linabishaniwa. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walichapisha majaribio yaliyotia shaka kama maji ya moto huganda mapema kweli, na wengine hawakukubaliana nao. Hilo lisituvunje moyo. Kijana alileta swali ambalo zaidi ya nusu karne haijalimaliza, naye alikaribia kunyamazishwa darasani. Kazi ya kada, mwalimu na mzazi katika kila shule ya kata ni kuhakikisha kuwa mwingine kama yeye akinyoosha mkono leo, atasikilizwa, na jaribio litafanywa.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Katika eneo lako, ni ujuzi gani wa wakulima, wavuvi au mafundi ambao shule haijauliza habari zake?

2. Eleza tofauti kati ya kujifunza Kiingereza na kujifunza sayansi kwa Kiingereza. Mzazi ataelezwaje tofauti hiyo bila kudharauliwa?

3. Chukua mtihani mmoja wa sayansi uliopita. Ni maswali mangapi yanayodai kutaja, na ni mangapi yanayodai kufikiri?